Usingoje Kiitikio: Namna ya Kusikiliza Kwateti ya Nyuzi ya Kisasa

Mtu anayesikia kwateti ya nyuzi ya karne ya 20 kwa mara ya kwanza hutoa lalamiko moja: haina mahadhi. Vyombo vinakwaruza, vinafoka, vinanyamaza, vinaanza tena, halafu vinaisha, na yeye anaondoka bila hata kipande kimoja cha kuimba njiani. Lalamiko hilo si la kijinga. Masikio yetu yamelelewa na nyimbo zenye beti na kiitikio. Ubeti ukianza tu, tunajua kiitikio kiko njiani, na kikifika sote tunaingia. Kwateti ya kisasa haina jambo hilo. Anayengoja kiitikio atangoja mpaka wapigaji wafunge vyombo vyao na kwenda zao.

Nina ushauri mmoja tu, na yote yatakayofuata ni kuufafanua. Acha kutafuta wimbo. Tafuta noti chache, nne au tano au sita, uzishike hadi uweze kuziimba ukiwa unaosha vyombo, kisha uzifuate popote zinapokwenda. Katika tungo nyingi za aina hii noti hizo chache ndizo mahadhi yenyewe. Yanayozipata tangu mwanzo hadi mwisho, kuharakishwa, kupinduliwa, kunyamazishwa, kuhamishwa toka chombo hiki hadi kile, ndiyo muundo.

Kwa asiyejua, kwateti ya nyuzi ni watu wanne: fidla mbili, viola moja na selo moja. Viola ni kubwa kidogo kuliko fidla na sauti yake ni nzito zaidi. Selo hushikwa katikati ya magoti na ndiyo inayobeba sauti ya chini. Hakuna kiongozi anayesimama mbele na kijiti, kwa hiyo wanne hao huongozana kwa macho na kwa pumzi. Joseph Haydn wa Austria ndiye aliyeupa mtindo huu sura yake katika karne ya 18, na tangu hapo watunzi wameutumia kuwekea mawazo ambayo hawakutaka kuyapigia makelele. Beethoven aliandika kwateti 16, Béla Bartók wa Hungaria 6, na Dmitri Shostakovich wa Urusi 15.

Msomaji aliyekulia na taarab anaijua fidla vizuri. Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1905, na vikundi vilivyofuata nyayo zake, vimeiweka fidla masikioni mwa watu kwa vizazi kadhaa. Lakini mazoea hayo yana mtego wake. Katika okestra ya taarab fidla kadhaa hupiga mahadhi yale yale kwa pamoja, zikimjibu mwimbaji, na sikio huzoea kuzipokea kama chombo kimoja kipana. Ukiipokea kwateti hivyo utapotea mapema, kwa sababu hapa kila uta una njia yake. Aliyepitia kwaya anaanza na mtaji mkubwa zaidi. Mtu aliyewahi kuimba sauti ya tatu anajua kwamba wimbo unaosikika mmoja kwa waliokaa kwenye mabenchi ni nyimbo nne kwa waliosimama mbele, na kwamba sauti yake, ambayo hakuna muumini anayeikumbuka, ikikosekana Jumapili moja kila kitu kinayumba. Sikiliza kwateti ukiwa umesimama na kwaya.

Anza na Kwateti namba 8 ya Shostakovich, opus 110. Watu wengi huwapa wageni kazi za Debussy au Ravel kwanza, eti kwa sababu ni laini. Sikubaliani nao. Ulaini huo unamruhusu msikilizaji aendelee na tabia yake ya zamani ya kuogelea tu katika sauti nzuri. Hii ya Shostakovich inakulazimisha kushika kitu, na kitu chenyewe ni kidogo kiasi kwamba hakuna mtu anayeshindwa kukishika. Aliiandika kwa siku tatu mwezi Julai 1960 katika mji mdogo wa Gohrisch karibu na Dresden, alikopelekwa kutunga muziki wa filamu. Inachukua kama dakika 20, ina sehemu tano, na sehemu hizo hupigwa bila kusimama katikati.

Kabla ya kuiwasha, imba. Kwa wanaosoma solfa, noti zenyewe ni t, d, l, se. Anza kwenye ti, panda nusu toni hadi do, shuka hadi la, kisha shuka nusu toni nyingine hadi se. Ziimbe polepole sana, kila moja kwa urefu sawa, mara nyingi. Utagundua mambo mawili. La kwanza, nafasi ni finyu mno: kutoka ya chini kabisa hadi ya juu kabisa kuna nusu toni nne tu. La pili, kila mwalimu wa kwaya anajua kwamba se haitulii, inavutwa kurudi la, na hapa mtunzi anaiacha ikining'inia. Hivyo kabla hata chombo kimoja hakijapigwa, tayari unajua kwa mwili wako kwa nini kazi nzima haipati raha. Noti hizo pia ni saini. Kwa majina ya noti ya Kijerumani zinasomeka D, S, C, H, ambazo ni herufi za mwanzo za jina la Shostakovich kwa tahajia ya Kijerumani.

Sasa washa, lakini sikiliza dakika moja ya kwanza tu. Selo inaanza peke yake na zile noti nne. Viola inaingia nazo, kisha fidla ya pili, mwisho fidla ya kwanza. Sauti zinapanda kutoka chini kwenda juu, kila moja ikisema neno lile lile kwa wakati wake. Rudisha mwanzo. Rudisha tena. Usiendelee mpaka uweze kuinua kidole kila chombo kinapoingia bila kukisia. Watu hulidharau zoezi hili kwa sababu linaonekana la kitoto, halafu hao hao ndio husema baada ya dakika kumi kwamba muziki umewaacha.

Ukishaweza, endelea na sehemu ya kwanza yote. Mahali fulani vyombo vya chini vitashikilia sauti ndefu isiyobadilika na fidla ya kwanza itatembeatembea juu yake, ikishuka kwa hatua ndogo kama isiyojua iendako. Hapo ndipo msikilizaji mgeni huanza kufikiria chakula cha jioni. Usilazimishe kuelewa. Kaa tu na ile sauti ya chini, ukijua kwamba zile nne zitarudi, na kweli zitarudi.

Sehemu ya pili inakurukia bila kuaga. Ni kali, ni ya kasi, nyuta zinakata nyuzi. Noti nne zimo tele, lakini sasa zinakimbia, na kitu kilichokuwa huzuni dakika moja iliyopita kimekuwa hasira. Noti ni zile zile na mpangilio ni ule ule. Kilichobadilika ni mwendo na nguvu. Kama kuna mahali pamoja pa kujifunzia muundo wa kisasa ni hapa, kwa hiyo lisikilize badiliko hilo peke yake mara kadhaa: dakika ya mwisho ya sehemu ya kwanza na dakika ya kwanza ya sehemu ya pili. Katikati ya vurugu hiyo zitasikika fidla zikilia mahadhi yenye ladha ya Kiyahudi. Shostakovich aliyachukua kutoka kwenye kazi yake mwenyewe ya 1944, ile Trio ya piano namba 2. Kwateti hii imejaa vipande vya kazi zake za zamani, lakini huhitaji kuvitambua ndipo uifuate.

Sehemu ya tatu ni walsi. Fidla ya kwanza inazichukua zile noti nne na kuzifanya dansi ya kejeli, ya mtu anayecheka bila kufurahi. Ya nne inaanza na mapigo matatu mazito, mara kwa mara, chini ya noti ndefu nyembamba ya fidla ya kwanza iliyovuka kutoka sehemu ya tatu. Baadaye katika sehemu hiyo hiyo selo itapanda juu kuliko kawaida yake na kuimba mahadhi matamu kabisa, yaliyotoka katika opera ya Shostakovich iitwayo Lady Macbeth wa Mtsensk. Wewe uliyelalamika kwamba hakuna wimbo, wimbo wako ni huo, na umewekwa mahali ambapo hautadumu: mapigo yanarudi. Sehemu ya tano inazirudisha noti nne zikiingia moja baada ya nyingine kwa mwendo wa pole, na mwishowe sauti zinafifia mpaka huwezi kusema kwa hakika zimekoma saa ngapi.

Hebu tazama mpangilio huo ukiwa umeandikwa: pole, kali, dansi, pole, pole. Mtunzi mwingine angemaliza kwa kasi ili watu wasimame na kupiga makofi. Huyu ameweka sehemu mbili za pole mfululizo mwishoni, jambo ambalo kwenye karatasi linaonekana kosa. Lakini ukifika hapo baada ya kuzifuata noti nne njia nzima, utaona kwamba ndipo uzito wa kazi yote ulipo. Asiyezifuata huona dakika za mwisho kuwa ndefu mno, na simlaumu.

Utakutana na watu watakaotaka kukupa hadithi kwanza. Watakuambia kwamba kazi hii imetolewa kwa kumbukumbu ya wahanga wa ufashisti na vita, kwamba mwaka ule ule mtunzi alisukumwa kujiunga na Chama cha Kikomunisti, na kwamba alimwandikia rafiki yake Isaak Glikman kuwa hadhani yupo atakayetunga kazi ya kumkumbuka, basi ameamua kuitunga mwenyewe. Yote hayo ni kweli na yanafaa kujulikana. Ila yasome baada ya kuisikiliza mara tatu. Hadithi ikitangulia, sikio huacha kufanya kazi na kuanza kuthibitisha. Mapigo matatu ya sehemu ya nne yamekwisha kuelezwa kuwa mabomu, na wengine wamesema ni askari wa siri wanaobisha hodi usiku wa manane. Inawezekana. Lakini aliyeambiwa hivyo mapema husikia mabomu, hasikii tena ile noti nyembamba ya fidla iliyo juu yake, ambayo kwangu ndiyo inayotisha zaidi.

Kuhusu vifaa nitasema kidogo. Spika ya simu inaua selo, na bila selo kwateti hii haina mwanzo. Tumia visikizi vya masikioni, hata vya bei rahisi. Wapigaji wengi hukaa fidla ya kwanza kushoto, ya pili pembeni yake, viola na selo zikielekea kulia, na rekodi nzuri hutunza nafasi hizo, kwa hiyo visikizi vitakusaidia kujua nani anasema. Chagua rekodi moja na ukae nayo. Borodin Quartet na Fitzwilliam Quartet wote walirekodi kwateti hii, na ukiwa na yeyote kati yao umetosheka. Kuruka toka kikundi kimoja hadi kingine mapema ni njia ya kujisikia mtaalamu kabla ya kujua noti zilipo.

Ukimaliza na Shostakovich, nenda kwa Bartók, Kwateti namba 4, ya mwaka 1928. Hii ni ngumu, sitakudanganya. Ina sehemu tano vilevile na inachukua dakika ishirini na kitu. Ushauri wangu hapa utawaudhi wapenda utaratibu: usiisikilize kwa mpangilio wake. Anza na sehemu ya nne, kisha ya pili, kisha ya tatu, na mwisho kabisa ya kwanza na ya tano.

Sababu iko katika muundo wenyewe. Bartók aliipanga kazi hii kuzunguka sehemu ya tatu, na alieleza mwenyewe kwamba hiyo ndiyo kiini. Ya pili na ya nne zinaizunguka na zinatumia mahadhi yale yale. Ya kwanza na ya tano zinazizunguka hizo, nazo zinashirikiana mahadhi yao. Ukisikiliza kuanzia mwanzo unapigwa na ukuta wa sauti kabla hujajua kuna mlango wapi. Ukianza na ya nne unaingia kwa urahisi, kwa sababu hapo hakuna uta hata mmoja: wote wanne wanadonoa nyuzi kwa vidole, na mara nyingine wanavuta uzi kwa nguvu kiasi kwamba unarudi na kugonga ubao kwa kishindo. Mbinu hiyo leo inaitwa kwa jina la Bartók. Ni dakika tatu hivi, na watoto wanaipenda. Vuma mahadhi yake mpaka ulijue umbo lake, yanapanda wapi na kushuka wapi.

Kisha weka sehemu ya pili. Ni ya kasi mno, na vyombo vimewekewa vibana sauti, hivyo kila kitu kinapita kwa mnong'ono. Viola na selo ndizo zinazoanza. Mahadhi ni yale uliyoyavuma, lakini yamebanwa: hatua zilizokuwa pana zimekuwa nusu toni, na umbo lile lile limesukumwa ndani ya nafasi ndogo. Wengi hawalisikii hilo mara ya kwanza, wala ya pili. Usijitese. Sikiliza upandaji na ushukaji tu, usijali noti kamili, na siku moja utalisikia na hutaweza tena kutolisikia. Anayepiga kazi hii kwa mpangilio wa kawaida anasikia kilichobanwa kwanza na kilichonyooshwa baadaye, na hiyo ndiyo safari aliyoikusudia mtunzi. Wewe umeipita kinyumenyume ili uone njia, na utakaporudi kuisikiliza sawasawa utafurahi kuliko aliyeambiwa tu.

Sehemu ya tatu ndiyo ya kukaa nayo sana. Vyombo vitatu vinajenga sauti moja pana, kimoja baada ya kingine, na kuishikilia, kwanza kavu bila kutetemesha kidole, halafu kwa kutetemesha. Tofauti hiyo ndogo, sauti iliyokufa inayoanza kupumua, ni ya kusikilizwa kwa macho yaliyofumbwa. Juu yake, au tuseme chini yake, selo inaongea. Inaongea kwa muda mrefu, kwa mwendo usio na kipimo cha ngoma, ikisita, ikikimbiza silabi kadhaa, ikisita tena. Bartók na mwenzake Zoltán Kodály walitumia miaka wakizunguka vijijini na mashine ya kurekodi, wakikusanya nyimbo za wakulima, na mwendo huu wa kusema kuliko kucheza aliupata huko. Hakunukuu wimbo wa mtu. Alijifunza namna wimbo unavyopumua, kisha akatunga wake. Baadaye kidogo selo inanyamaza na fidla inaanza vilio vifupi vifupi vya juu kama ndege wa usiku, halafu selo inarudi.

Ukifika sehemu ya kwanza sasa, tafuta noti sita. Selo inazitaja mapema: zinapanda nusu toni mbili na kushuka nusu toni tatu, basi. Kuziimba kwa solfa ni shida kwa sababu zote zimebanana, hivyo ziimbe kwa silabi yoyote. Zitapinduliwa, zitavutwa, zitagombaniwa na vyombo vyote vinne, na mwishoni mwa sehemu zitapigwa kwa nguvu kama za kufunga mjadala. Halafu sikiliza mwisho wa sehemu ya tano. Ni mwisho ule ule. Hakuna mtu atakayehitaji kukueleza kwamba umerudi ulikoanzia.

Bartók huyu aliwahi kufika Biskra, Algeria, mwaka 1913, kurekodi muziki wa Waarabu wa huko, na athari yake inasikika katika sehemu ya pili ya Kwateti namba 2, aliyoimaliza 1917. Msomaji mwenye sikio la muziki wa Kiarabu ajaribu hiyo. Pengine ataingia kwa Bartók kupitia mlango huo haraka zaidi kuliko kwa njia yangu yote niliyoichora hapo juu.

Si kila kwateti ya kisasa imejengwa juu ya noti chache zinazofuatwa. Different Trains ya Mmarekani Steve Reich, ya mwaka 1988, iliyotungwa kwa ajili ya Kronos Quartet, inachukua mahadhi yake kutoka kwenye maneno ya watu yaliyorekodiwa: yaya wake wa utotoni, mfanyakazi mstaafu wa treni, na manusura wa mauaji ya Wayahudi. Kipande kifupi cha maneno kinasikika, na chombo kinapiga noti zile zile ambazo sauti ya msemaji ilizitumia, viola kwa sauti za wanawake na selo kwa za wanaume. Muundo wake ni wa tarehe: kabla ya vita, wakati wa vita, baada ya vita. Kila maneno mapya yanapoingia mwendo hubadilika, hivyo huna haja ya kuhesabu chochote.

Kujiandaa kwa kazi hiyo kuna zoezi ambalo halihitaji chombo. Mwombe mtu wa nyumbani ruhusa umrekodi kwenye simu akisema sentensi moja ya kawaida, tuseme anamwita mtoto aje kula. Kata kipande cha maneno matatu, ukirudie mara kumi mfululizo. Kufikia mara ya sita au ya saba utaacha kusikia maana na utaanza kusikia mahadhi: silabi ya pili kutoka mwisho inavyovutwa, ya mwisho inavyodondoka. Jaribu kuimba mdondoko huo. Mtu aliyefanya zoezi hili jioni moja anamwelewa Reich kuliko aliyesoma kitabu kizima juu yake.

Halafu kuna jirani yetu. Justinian Tamusuza, mtunzi wa Uganda, aliandika kwateti yenye jina la Kiganda, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani kwenye njia ya Msalaba, na sehemu yake ya kwanza imo katika albamu ya Kronos Quartet iitwayo Pieces of Africa ya mwaka 1992. Hapa ushauri wangu wa kushika noti na kuzifuata unafika mwisho wake, maana muziki wa Kiganda una njia nyingine. Kwenye amadinda, marimba kubwa ya Buganda, wapigaji wawili huketi wakitazamana na kila mmoja ana mstari wake unaojaza nafasi za mwenzake. Kwa kasi ile, masikio hayaisikii mistari miwili. Yanasikia mahadhi yanayozaliwa katikati, na mpigaji wa tatu kazi yake ni kuzisikiliza noti za chini katika mchanganyiko huo na kuzirudia kwenye mbao za juu. Kuna mahadhi pale ambayo si ya mkono wa mtu yeyote mmoja. Tafuta rekodi ya amadinda, isikilize kwanza, ndipo uende kwa Tamusuza. Usimfuate mpigaji mmoja, sikiliza viungo, pale chombo kimoja kinapoachia na kingine kudaka. Nashangaa kwamba wanafunzi wengi wa muziki wa Afrika Mashariki hufundishwa Haydn miaka mitatu na hawaambiwi kwamba kazi hii ipo.

Kama utabahatika kuisikia kwateti ikipigwa mbele yako, kaa karibu. Muziki huu ulizaliwa sebuleni, na kwenye kumbi kubwa nusu yake hupotea. Tazama nyuta na mabega, kwa sababu anayetaka kuingia huvuta pumzi kabla, na hapo utajua wa kumsikiliza. Usipige makofi kati ya sehemu na sehemu. Kwa Shostakovich nafasi hiyo haitakuwepo kabisa.

Na kwa walimu wa kwaya, ambao najua wamekuwa wakisoma haya wakiwa tayari wameshaanza kutunga kichwani, nina machache ya kiufundi. Fidla haishuki chini ya ile G iliyo chini ya do ya kati. Nimeona karatasi nyingi zilizoandikiwa fidla sauti ambazo hazimo kwenye chombo. Viola na selo zote zina uzi wa chini wa C, ya selo ikiwa oktava moja chini ya ile ya viola, na viola husomwa kwa ufunguo wake yenyewe, kwa hiyo usimpe mpigaji wake karatasi ya fidla ukategemea huruma. Mpigaji anayetoka kwenye uta kwenda kudonoa anahitaji pumziko dogo, na kuvaa au kuvua kibana sauti kunahitaji sekunde kadhaa. Ziandike ndani ya muziki.

Anza na noti nne au tano ulizoziimba wiki nzima. Ziweke kwa viola kwanza, maana ukimpa fidla ya kwanza utajikuta umeandika wimbo wenye wasindikizaji watatu. Kila zinaporudi, badilisha jambo moja tu: mwendo, au chombo, au urefu, au ukimya unaozizunguka. Mwandikie mtu kunyamaza, tena mara nyingi. Muziki wa dakika mbili unatosha kwa jaribio la kwanza. Ukipata wapigaji, mwombe kila mmoja apige mstari wake peke yake huku wewe ukiziimba zile noti zako juu yake. Mstari ambao huwezi kuzisikia humo hata kwa mbali, chukua penseli upunguze noti zake kabla ya kuongeza yoyote, kisha mwombe apige tena.